Fundi Makochi na Upasuaji wa Matundu Madogo

Fundi Misumari alifanya kazi kimya kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa misumari. Ndivyo walivyofundishwa mafundi makochi wa rika lake. Misumari midogo unaiweka mdomoni, unautoa mmoja kwa ulimi, unaugonga, unatoa mwingine. Mteja akiingia na kusema, "Shikamoo, fundi," yeye aliitikia kwa kichwa. Akiulizwa kochi litakuwa tayari lini, alionyesha kwa vidole. Watu wakampa jina hilo la Misumari, naye hakukasirika.

Zamani maongezi yalikuwa kazi ya mkewe. Mama yule alikuwa na maneno, acha kabisa! Alipokea wateja, akawauliza habari za watoto, akawatania, akawauzia na mito ambayo hawakuijia. Kisha akaugua, akafariki, na karakana ikanyamaza. Fundi hakujua namna ya kuongea na watu bila mkewe kuanza.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kimoja. Humo mlikuwa na kitanda, jiko dogo, meza na redio. Jioni fundi alipika, akala amesimama, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Redio ilisema peke yake mpaka akapitiwa na usingizi. Alikuwa mpweke, nawaambia wazi, ingawa mwenyewe angekataa.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, mwalimu katika mji mwingine. Kutoka huko hadi hapa ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Binti alipiga simu kila wiki.

"Baba, mzima?"

"Mzima, mama. Nyinyi je?"

"Sote wazima. Kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda."

"Haya, baba."

"Haya, mama."

Basi, simu imekwisha. Hawakuwa wamegombana. Walipendana sana. Ila kila mmoja aliogopa kumsumbua mwenzake, na woga huo ukawa tabia.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu kazi yake, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Fundi alipoletewa kochi lenye mbao nzuri, alilivua lote. Alitoa kitambaa, akatoa sponji, akatoa magunia, akafika kwenye mbao na springi. Alisema huwezi kutengeneza kitu usichokiona. Lakini alipoletewa kochi chakavu, ambalo mbao zake zimeliwa na wadudu, hakulivua. Alilipindua, akalichana kidogo kwa chini, akapenyeza vipande vya sponji, akashona. "Hili tutapenyeza tu," alimwambia mteja. Kila mteja alielewa. Maana yake ni kwamba kochi hilo halistahili jasho la fundi.

Siku moja fundi aliona damu chooni.

"Bawasiri," alijiambia. "Mtu anayeinama kutwa nzima atakosa bawasiri?"

Akanunua dawa ya kupaka. Damu ikaisha, ikarudi, ikaisha, ikarudi. Choo nacho kikaanza vituko. Mara kigumu kwa siku kadhaa, mara chembamba, mara cha kuharisha. Na hata akitoka chooni alihisi bado hajamaliza. Suruali zikaanza kumpwaya, akazifunga kwa kamba ya kushonea makochi. Akibeba mto mmoja wa kochi, anahema.

Hapa nataka kugombana naye kidogo. Fundi, ungesikia sauti ngeni kwenye springi za mteja, si ungechungulia? Mbona mwili wako mwenyewe uliuacha hivyo? Na wewe unayesoma, usicheke. Wako wengi wanaoona damu na kusema bawasiri bila kupimwa. Inaweza kuwa bawasiri kweli. Lakini kwa mtu mzima, damu chooni au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa ni jambo la kumwonyesha daktari, na si la kumwachia muuza dawa.

Fundi alikwenda hospitali pale alipoishiwa nguvu kabisa. Kizunguzungu kilimkamata akiwa na nyundo mkononi, akakaa sakafuni mpaka kikapita. Hapakuwa na mtu wa kumwinua. Alijiinua mwenyewe, akafunga karakana, akaenda.

Huko walimpima damu, wakaona amepungukiwa. Wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa ili waone ndani ya utumbo. Wakaona uvimbe. Wakakata kipande kidogo sana cha nyama, wakakipeleka maabara. Wakapiga picha ya tumbo na kifua. Mwisho akaitwa chumbani kwa daktari wa upasuaji. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, lakini siku hiyo alikuwa na foleni ndefu mlangoni.

"Mzee, majibu yametoka," alisema daktari. "Ni saratani ya utumbo mpana. Pole sana. Lakini kuna habari njema pia. Kwenye picha hatuoni kwamba imesambaa. Inawezekana kuitoa."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Kwa umri wako na hali yako, napendekeza upasuaji wa matundu madogo. Hatutakufungua tumbo lote. Tutapitisha vifaa kwenye vitundu vidogo."

Daktari aliendelea kueleza, lakini fundi hakusikia tena. Masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye kauli mbili: umri wako. Hatutakufungua.

Aliaga kwa adabu. Alisema atafikiria. Akatembea mpaka nyumbani. Alikuwa ameyasema maneno hayo mwenyewe maisha yake yote. Hili limezeeka. Hili tusilivue. Hili tutapenyeza tu.

Wiki hiyo binti alipiga simu.

"Baba, mzima?"

"Mzima, mama."

"Haya, baba."

"Haya, mama."

Akaiweka simu mezani, akaitazama. Alitamani iite tena. Haikuita.

Kwenye nyumba ileile, juu ya karakana, aliishi muuguzi mmoja. Watu walimwita Sista wa Juu. Alifanya kazi katika wodi ya upasuaji ya hospitali nyingine, ng'ambo ya mji. Kwa miaka mingi yeye na fundi walisalimiana kwenye ngazi, basi. Kazi yake ilikuwa ya zamu. Yeye akitoka, fundi analala. Yeye akirudi, fundi yuko kwenye nyundo.

Asubuhi moja Sista alishuka amebeba kiti cha meza ya kulia. Kikalio cha kiti kilikuwa kimepasuka na sponji inatokeza.

"Shikamoo, fundi. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba," alisema fundi. Siku hizo hakuwa akiweka misumari mdomoni. Ilimtia kichefuchefu.

Alikipindua kiti. Akabonyeza mbao kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Hiki kimezeeka," alisema. "Hakina haja ya kuvuliwa. Tutape..."

Hakumaliza. Alibaki ameshika kiti. Sista akakichukua kile kiti taratibu, akakiweka chini, akamshika fundi mkono na kumkalisha juu ya rundo la magunia.

"Fundi, una nini?"

"Sina kitu."

"Mimi ni muuguzi. Naziona suruali zako. Naiona rangi ya macho yako. Usinifanye mtoto."

Halafu yakamtoka yote kwa mkupuo, mtu ambaye hakuwa amesema sentensi tatu mfululizo tangu kumzika mkewe.

"Nina saratani ya utumbo. Wamesema wanaweza kuitoa. Lakini hawataki kunifungua. Wanasema kwa umri wangu watanitoboa vitundu, wapenyeze vitu vyao, basi. Nimefanya kazi hii miaka yote, Sista. Najua kazi ya kupenyeza ni kazi gani. Unaifanya kwa kitu ambacho hakikuumizi roho kikifa. Sasa nitajisumbua ya nini? Bora nikae hapa mpaka siku yangu ifike."

Sista alimtazama. Kwanza alitaka kucheka, maana hajawahi kusikia hoja ya namna hiyo tangu aanze uuguzi. Kisha akaona machozi ya mzee yule, kicheko kikafa.

"Kwa hiyo umefikiri wamekuona kochi bovu?"

"Ndiyo."

"Lo! Fundi, pole. Hebu tuanze upya. Umemuuliza daktari maswali yoyote?"

"Hapana. Alikuwa na foleni."

"Foleni si sababu. Sikiliza. Upasuaji wa saratani ya utumbo una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya zamani. Wanapasua tumbo katikati, mkato mrefu, wanaingiza mikono. Njia ya pili ni hii ya matundu. Wanakulaza usingizi kabisa, kama ile ya kwanza. Wanatoboa vitundu vichache. Wanajaza hewa tumboni ili tumbo liinuke na pawe na nafasi. Kwenye kitundu kimoja wanapitisha kamera yenye taa."

"Utaona nini kwa tundu la kidole?" aliuliza fundi. Ubishi ulianza kumrudi, na Sista akafurahi kuuona.

"Unaona kuliko macho. Kamera inakuza. Daktari anatazama skrini kubwa, anaona hadi vijishipa vidogo vya damu. Kwenye vitundu vingine wanapitisha vifaa virefu vyembamba vya kukatia na kushonea."

Fundi alifikiri. Alitazama sindano yake ndefu iliyochomekwa ukutani.

"Na wanakata kiasi gani? Wanachungulia tu, wanabana kidogo, wanatoka?"

"Hapo ndipo umekosea, baba yangu. Kazi ya ndani ni ileile. Wanakata kipande kile kile cha utumbo chenye uvimbe, na utumbo wenye afya kidogo pande zote mbili. Wanatoa na tezi za jirani, ambako saratani huweza kukimbilia, zikapimwe. Wanaunganisha ncha mbili za utumbo. Kinachopungua ni ukubwa wa mlango wa kuingilia, basi."

"Ngoja kwanza. Kipande kinatokaje? Nyama yote hiyo itapita kwenye kitundu?"

Sista alipiga makofi. "Ee, hilo ndilo swali la fundi! Hakipiti. Mwishoni wanarefusha mkato mmoja kidogo, wanakitolea hapo. Wagonjwa wangu hawaulizi hilo hata siku moja."

Fundi karibu atabasamu. Karibu tu.

"Na daktari kasema ni kwa sababu ya umri," alisema kwa sauti ya chini.

"Amesema kweli, lakini wewe umemwelewa kinyume. Mkato mkubwa unauma sana. Mzee mwenye mkato mkubwa anaogopa kukohoa, anaogopa kuvuta pumzi ndani, anaogopa kusimama. Asipokohoa, makohozi yanakaa kifuani, anapata homa ya mapafu. Asiposimama, misuli inanyong'onyea, damu inaweza kuganda miguuni. Kijana hurudiwa na nguvu upesi. Mzee akikaa sana kitandani, nguvu zake zinapotea, na kuzirudisha ni kazi. Kwa matundu madogo, wengi maumivu yao yanapungua, damu inayopotea ni kidogo, kidonda hakisumbui sana, utumbo unaamka na kuanza kazi mapema, na mtu anarudi nyumbani mapema zaidi. Kwa hiyo mara nyingi wazee ndio wanaohitaji njia hii zaidi. Anakuchagulia hiyo kwa sababu anataka utoke ukiwa unatembea."

Fundi alifuta uso kwa kona ya gunia.

"Na saratani yenyewe? Ikiwa mlango mdogo, haibaki ndani?"

"Kwa mikono ya daktari aliyezoea, matokeo ya saratani yanalingana katika njia zote mbili. Lakini sitakudanganya kwamba ni sherehe. Ni upasuaji mkubwa. Kiungo cha utumbo kinaweza kuvuja. Damu inaweza kutoka. Upasuaji wa matundu mara nyingi unachukua muda mrefu zaidi, na ile hewa ya tumboni inausumbua moyo na mapafu kidogo. Ndiyo maana watakupima moyo na kifua kwanza. Kuna wengine haiwafai. Mtu mwenye uvimbe mkubwa mno, au aliyezibika utumbo kabisa, au aliyepasuliwa tumbo mara nyingi zamani, daktari anaweza kuamua kufungua tangu mwanzo. Na hospitali nyingine hazina vifaa hivyo. Huko wanafungua, na watu wanapona vilevile."

"Na wakianza kwa matundu wakakuta mambo yamewashinda?"

"Wanafungua hapohapo. Hiyo isikutishe. Daktari anayejua kubadili njia ndiye daktari wa kumwamini. Sasa mimi ni muuguzi tu, uvimbe wako sijauona. Mwenye majibu yako ni yeye. Rudi ukamuulize. Ukitoka mlangoni kwake bila kuuliza, nitakuvuta sikio, mzee mzima wewe."

Kisha akauliza jambo lingine.

"Mwanao anajua?"

"Nitamwambia," alisema fundi.

Hakumwambia. Alishika simu mara kadhaa, akaiweka. Binti ana darasa, ana watoto, ana mitihani ya kusahihisha. Ndivyo alivyojisemea.

Alirudi hospitali peke yake. Alikaa kwenye benchi kati ya watu waliokuja na wake zao na wana wao. Mtu mmoja alikuja na ukoo mzima, wakajaza benchi, ikabidi fundi asimame. Zamu yake ilipofika, aliingia, akavua kofia, akauliza kabla hajakaa:

"Daktari, samahani. Angekuja kijana wa miaka thelathini, mwenye uvimbe kama wangu, mahali palepale. Ungemfanyia upasuaji gani?"

Daktari aliinua macho. Alielewa kwamba swali hilo lilikuwa na kitu nyuma yake. Akaweka kalamu chini.

"Wa matundu madogo, mzee."

"Huohuo?"

"Huohuo. Na kipande kilekile cha utumbo, na tezi zilezile. Tofauti ni kwamba kijana ningemlaza kesho. Wewe nataka kwanza nikupe dawa ya kuongeza damu na nipime moyo wako. Nataka pia utembee kila siku na ufanye mazoezi ya kuvuta pumzi. Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Vizuri sana. Siangalii umri peke yake, mzee. Naangalia nguvu. Kuna wazee wanaonishinda kupanda ngazi."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama kawaida yake.

"Nyumbani yupo mtu wa kukuangalia?" aliuliza daktari.

"Yupo," alisema fundi.

Uongo mtupu!

Basi, wiki zilizofuata fundi alikunywa dawa za damu. Alitembea kila asubuhi kuzunguka mtaa, akivuta pumzi ndani na kuitoa taratibu kama alivyofundishwa. Wauza duka walimshangaa. "Fundi, unamkimbia nani?" Alikula mayai na maharage, akala amekaa, kwa sababu Sista alimkemea kwamba chakula cha kusimama hakinenepeshi. Uso wake ukaanza kurudiwa na rangi.

Siku ya upasuaji ilipofika, Sista alikuwa na zamu kazini kwake, hakuweza kumsindikiza. Fundi alijipeleka na mfuko wake wa nguo. Muuguzi wa wodini alimuuliza vitu vyake vya thamani amwachie nani. Alimpa simu na saa, akasema, "Kaa navyo wewe tu, binti." Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Alitazama taa za dari zikipita moja baada ya nyingine. Aliogopa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji daktari alimshika bega. "Tupo pamoja, mzee." Fundi aliushikilia mkono ule mpaka usingizi wa dawa ulipomchukua.

Alipozinduka, kitu cha kwanza kumuuma kilikuwa bega.

"Sista," alimwita muuguzi wa zamu, "mbona mmenikata na bega?"

Muuguzi alicheka. "Hatujagusa bega, babu. Ni ile hewa tuliyojaza tumboni. Ikibaki kidogo humfanya mtu aumwe bega. Itaisha yenyewe."

Fundi akafunua shuka kwa woga. Alitegemea kuona mshono kutoka kifuani hadi chini. Aliona plasta ndogondogo, na moja ndefu kidogo chini ya kitovu. Akazihesabu kwa kidole, akarudia, akafunika.

Kesho yake walimsimamisha. Alilalamika, akagoma, akasimama. Akaenda hatua chache akisukuma nguzo ya dripu, akarudi akihema. Jioni akaenda tena. Akanywa maji, akanywa uji mwepesi. Siku iliyofuata alitoa ushuzi mkubwa hadi akaona haya, na muuguzi akamshangilia kama amefunga goli. "Utumbo umeamka, babu! Huo ndio muziki tunaousubiri hapa." Wodi nzima ikacheka. Fundi naye akacheka, akashika plasta zake, maana kicheko kiliuma.

Lakini saa ya kuona wagonjwa ilikuwa ngumu kuliko upasuaji. Vitanda vyote vilizungukwa. Watu walileta chupa za chai, walikaa ukingoni mwa vitanda, walibishana nani kasahau kijiko. Cha kwake hakikuwa na mtu. Sista wa Juu alikuja siku moja akitoka kazini, macho yamemwiva kwa usingizi, akakaa kidogo, akaenda. Siku nyingine fundi alifumba macho akajifanya amelala, ili wageni wa wenzake wasimwonee huruma.

Daktari akapita asubuhi, akamkagua, akatabasamu.

"Mzee, umetushangaza. Unakula, unatembea, huna homa, choo kimefunguka. Kesho unaweza kwenda nyumbani. Nani anakuja kukuchukua?"

Fundi hakutegemea kuruhusiwa upesi vile. Alidhani atakaa wodini mpaka apate nguvu za kujihudumia mwenyewe, kisha arudi chumbani kwake, na asiwepo mtu atakayejua lolote.

"Mzee? Siku za mwanzo huwezi kukaa peke yako. Huruhusiwi kuinua kitu kizito kwa wiki kadhaa, hata ndoo ya maji. Ukipata homa, au tumbo likivimba na kuuma, lazima awepo mtu wa kukurudisha hapa haraka. Ulisema yupo."

"Hayupo," alisema fundi.

Daktari hakumgombeza. Alivuta simu ya fundi, ambayo muuguzi alikuwa amemrudishia, kutoka kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, akamwekea mkononi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Fundi akapiga. Nyuma ya sauti ya binti zilisikika kelele za watoto.

"Baba! Mbona leo umepiga wewe? Mzima?"

"Mzima, mama."

"Haya, nipo darasani, ngoja jioni nita..."

"Mama, usikate."

Kelele zikapungua, ni wazi binti alitoka nje.

"Mimi si mzima," alisema fundi. "Nipo hospitali. Nilikuwa na saratani ya utumbo. Wamenipasua, wameitoa, naendelea vizuri. Wanataka kunirudisha nyumbani na sina mtu. Naomba uje."

Hajawahi kumwomba mwanawe kitu tangu amzae. Upande wa pili alisikia pumzi tu. Halafu simu ikakatika, na fundi hakujua imekatika kwa sababu gani.

Ili usikae roho juu, nikuambie kabisa kuhusu majibu ya maabara, ingawa yalikuja baadaye. Uvimbe ulitoka wote, kingo zake safi, tezi safi. Daktari alisema hana haja ya dawa za saratani, ila atakuwa anarudi kupimwa kwa muda uliopangwa, na asikose. Mpaka leo hajakosa. Kazi amerudia, ila kochi zima halibebi tena peke yake. Na mteja yeyote anayelalamikia damu chooni, fundi anamtoa karakanani na kumwonyesha njia ya zahanati kwanza, kochi baadaye. Sasa turudi wodini.

Kesho yake mchana binti alifika. Alikuwa amesafiri usiku kucha, nguo zimekunjamana, begi begani. Aliingia wodini kwa haraka akasoma namba za vitanda. Akakifikia cha baba yake. Kilikuwa kitupu. Mhudumu alikuwa akivua shuka.

"Mgonjwa wa hapa yuko wapi?" aliuliza, na sauti yake ikapanda. "Baba yangu yuko wapi?"

"Katoka," alisema mhudumu bila kugeuka.

Binti alishika chuma cha kitanda.

"Mama! Nipo huku."

Aligeuka. Mwishoni mwa korido, kwenye benchi la dirishani, baba yake alikuwa amekaa, amevaa shati lake, amechana nywele. Alipomwona anamtazama, akasimama. Alisimama mwenyewe, bila mtu wa kumshika.

Binti alikuja mbio, kisha akasita asijue amkumbatie wapi. Akamshika mikono. Akaanza kulia na kugomba kwa pamoja.

"Baba, wewe ni mtu wa namna gani? Kila wiki unaniambia mzima, mzima! Ungekufa je? Ningeambiwa na nani? Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alikaa tena, taratibu.

"Nilijua una shughuli nyingi."

"Ninazo," alisema binti, akatua begi sakafuni. "Sogea."

Fundi akasogea, na binti akakaa.